Kibao cha Kidoti

Mchoraji aliwekewa kiti, hakukikalia. Akaletewa chai, akaipokea kwa mikono miwili na kuishika tu mpaka ikapoa. Kila alipotaka kusema, macho yalimkimbia yakaenda ukutani, kwenye picha aliyoichora yeye mwenyewe. Ilikuwa ya msichana mdogo mwenye gauni la njano, ameketi kwenye kigoda, nywele zimegawanywa upande. Kwenye shavu la kushoto alikuwa na alama nyeusi, kama vile mtu kagusa kwa ncha ya brashi akasahau kufuta.

Alama hiyo ilikuwa ya kweli. Ndiyo iliyompa mtoto jina la Kidoti, na kwa jina hilo mama yake akawa Mama Kidoti. Baba yake, aliyekuwa akichonga picha za gazeti, akawa Baba Kidoti nyumbani na Fundi kazini. Homa ilimchukua mtoto wakati wa mvua zilizopita. Majina ya wazazi yakabaki.

"Kaka, sema basi," Fundi alisema. "Hukai, hunywi. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yuko palepale. Madaktari wanasema uvimbe haungoji tena, apasuliwe wiki hii. Na hawashiki kisu mpaka walipwe."

"Tutachanga."

"Tumekwisha kuchanga, bwana mdogo. Umenipa mpaka saa yako ya ukutani." Mchoraji alitazama tena ukutani. "Nimepata mnunuzi wa picha."

Mama Kidoti alikuwa akikunja nguo kitandani. Mikono yake ikasimama. "Picha ipi?"

Aliuliza vile mtu anavyouliza jambo analolijua. Mchoraji hakuwa na picha nyingine ya kuuza. Zile za vigogo zilikuwa kwenye kuta za vigogo, na zile za milima na mito hakuna aliyezitaka hata bure.

"Uliileta siku tuliyorudi makaburini," Mama Kidoti alisema. "Ukaitundika kwa mkono wako. Ukasema, kaeni naye."

"Nilisema, shemeji."

"Leo unamwuza mwanangu."

"Ninauza turubai na rangi, shemeji. Mtoto..." Akashindwa kumalizia. Aliiweka ile chai sakafuni, akajifuta uso kwa kiganja kilichojaa madoa ya rangi. "Ningekuwa na kitu kingine, ningekuja hapa? Mimi mwenyewe nimeshindwa kulala."

Mnunuzi alikuwa mwenye hoteli mpya ya karibu na stesheni. Alitaka picha ya kutundika ukumbini, pale wageni wanapoingilia. Aliiona zamani kwenye chumba cha Mchoraji, kabla haijahamia ukuta huu, na hakuwahi kuisahau. Ila alikuwa na sharti.

"Hataki nakala," Mchoraji alisema, akimtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza. "Amesikia nina ndugu mchongaji. Anasema akinunua picha awe nayo peke yake, asije akaikuta kwenye karatasi ya kufungia sabuni."

"Na wewe ukakubali," Fundi alisema.

"Nikakubali. Angesema nitembee kwa magoti mpaka stesheni, ningekubali pia."

Mama Kidoti alichukua nguo aliyokwisha kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nitakwenda kumwona dada kwanza," alisema mwishowe, maana ndivyo alivyomwita mke wa Mchoraji. "Nikirudi, nitakujibu."


Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa, na wengine walilala sakafuni katikati ya vitanda. Mke wa Mchoraji alikuwa kapata kitanda cha dirishani. Alikuwa amekonda mikono na shingo, lakini tumbo lilikuwa limeinua shuka.

"Njoo uone kioja," alisema alipomwona Mama Kidoti. "Wageni wa wenzangu wananipongeza. Wanauliza, mwezi wa ngapi? Nawaambia huyu amekataa kutoka, anangoja ndevu zimkomae."

Alicheka, kisha akashika ubavu na kunyamaza mpaka maumivu yakapita.

Mama Kidoti alikuwa amekuja na maneno yake tayari. Njia nzima aliyapanga: kwamba kila mtu ana mgonjwa wake, kwamba yeye amekwisha kumzika wake na hana alichobakiza isipokuwa ule ukuta. Lakini mikono iliyokuwa juu ya shuka ndiyo iliyomshikilia Kidoti kichwa homa ilipopanda, na ndiyo iliyomwosha, pale mama mtu alipokosa nguvu ya kuinua hata kata ya maji.

"Wamesema nitapasuliwa," mgonjwa alisema. "Mume wangu kapata pesa. Sijui kaiba wapi. Nikimwuliza anasema kuna mtu kamlipa kazi ya zamani. Wewe unaijua hiyo kazi?"

"Naijua," Mama Kidoti alisema. "Ni kazi ya zamani kweli."

"Basi Mungu amzidishie huyo aliyelipa."

Mama Kidoti alitoa kitana mfukoni, akaketi nyuma yake kitandani, akaanza kumchana nywele. Alimchana taratibu mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia. Yale maneno aliyoyapanga hakuyasema.

Fundi alimkuta jioni amesimama mbele ya picha, bado na viatu miguuni.

"Kaka yako aichukue," alisema bila kugeuka. "Lakini kabla haijatoka humu ndani, umchonge."

"Na lile sharti?"

"Ni lake yeye na huyo mwenye hoteli. Mimi hawakuniuliza."


Enzi hizo gazeti halikuwa na mashine ya kuchapa picha za kamera, na kamera zenyewe zilikuwa za wenye nazo. Mkubwa akitaka uso wake uonekane, alichorwa kwa rangi, na picha ikapelekwa kwa Fundi aigeuze iwe mistari. Fundi aliichonga kwenye kibao cha mti mgumu, kilichosuguliwa hadi kikang'aa kama kioo. Alipopitisha patasi pakawa peupe, na alipopaacha pakashika wino. Rangi yoyote iliyokuja, iwe ya koti, ya anga au ya shavu la mtu, ilimbidi aifanyie mistari yake, minene au myembamba, iliyobanana au iliyoachana.

Na kwa kuwa kibao kikibanwa kwenye karatasi huigeuza picha, kila uso aliuchora kinyume kwanza. Aliweka kioo, akaitazama picha ya rangi humo kiooni, akachora alichokiona, ili kilichokaa kulia ubaoni kirudi kushoto karatasini. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku moja atavaa shati mgongo mbele na asijue.

Kibao kizuri hakikupatikana dukani. Kesho yake alimfuata msimamizi wa kiwanda cha gazeti, wenzake wakiwa kwenye meza zao wanasikia.

"Kibao cha nini?" msimamizi aliuliza.

"Cha nyumbani, bwana."

"Siku hizi nyumbani kwako kunatoka gazeti?"

Watu wakacheka. Fundi alikunja kofia yake mkononi. "Cha mtoto wangu. Yule aliyefariki."

Kicheko kikakatika. Msimamizi aliona haya, na haya yake yakatoka kwa ukali. "Hapa si mahali pa kumbukumbu za watu," alisema. Kisha akaelekeza kidole kwenye sanduku la vibao vilivyotumika. "Chukua kile cha diwani. Alishindwa uchaguzi, hana wa kumwulizia. Utakatwa kwenye mshahara."

Diwani alikuwa na uso mpana, na kibao chake kilikuwa kikubwa na kizito. Fundi alikiranda nje ya mlango mpaka mashavu, masharubu na tai vikawa vumbi. Mama Kidoti alikuja na ufagio.

"Huyu hata akiwa vumbi anachafua watu," alisema.

Fundi aliinua kichwa. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu msiba, na wote wawili wakaogopa kuucheka.

Mchana ule alisimamisha kioo, akachora kinyume kama kawaida yake. Alipomaliza, Mama Kidoti alikuja kutazama. Akatazama muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye. Nimemgeuza tu. Karatasini atarudi."

"Mimi simwoni. Amekaa kama mtoto wa watu waliohamia jana." Akakisogelea kibao. "Halafu na kaka yako naye, kwa nini alimfunga mdomo? Mwanangu alikuwa hafungi mdomo. Lile jino lake lililokatika alipoanguka kwenye ngazi, alimwonyesha kila mtu, mpaka mwenye duka. Na hili sikio. Hili sikio lilikuwa limetokeza. Kaka yako amelibandika kichwani kama la sanamu."

"Alitaka apendeze."

"Alikuwa anapendeza. Usichonge picha, Baba Kidoti. Mchonge yeye."

Fundi alishika patasi bila kuitumia. Miaka yote hiyo alikuwa akinakili uongo wa wachoraji, uongo wa heshima: kidevu kilichopunguzwa, kipara kilichotiwa nywele, jicho lenye makengeza lililonyooshwa. Kazi yake haikuwa kuuliza. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia achonge ilivyokuwa.

Alichukua kitambaa kibichi, akafuta mchoro wote. Kioo kilichokuwa kikimziba mkewe akakilaza chini ya meza. Akamvutia kiti karibu, akaanza upya, mkewe akimwelekeza. Pale alipokosa maneno, Mama Kidoti alimgusa mumewe usoni kwa kidole: hapa ndipo kicheko kilipoanzia, hapa paliingia ndani kidogo. Fundi alichora huku akimtazama yeye zaidi kuliko alivyoitazama picha. Walimzungumza mtoto. Walikumbuka alivyokataa kulala mpaka aambiwe jina la kila mtu aliyepita barabarani, na alivyomwuliza babu mmoja asiyemjua kwa nini masikio yake yana nywele na kichwa hakina. Tangu waliporudi makaburini hawakuwahi kulitaja jina lake bila mmoja wao kuinuka na kutoka nje. Siku ile hakuna aliyetoka.

"Ndiye," Mama Kidoti alisema jioni ilipokaribia. Alikuwa ameweka viganja mdomoni. "Ndiye huyo. Usiguse tena kitu."

Fundi alichukua patasi yake nyembamba, akaanza kukata.


Karani wa hoteli alifika kabla ya siku waliyopatana, amefuatana na wachukuzi. Mama Kidoti alipowaona dirishani alikitupia kibao gauni lililokuwa linangoja kushonwa kifungo. Macho, paji la uso na mdomo vilikuwa vimekwisha. Mashavu na nywele vilikuwa bado.

"Wewe ndiye ndugu yake," karani alimwambia Fundi, akizitazama patasi zilizopangwa mezani. "Mchonga picha za gazeti."

"Ndiye mimi."

"Hii hukuinakili?"

Fundi hakuwa mtu wa kusema uongo, na ilionekana. Mkewe akamwingilia kati.

"Mume wangu anachonga wakubwa, bwana. Mtoto wa maskini nani atamnunua gazetini?"

Karani alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyesikia jambo la maana. Wachukuzi wakaishusha picha. Ukutani kukabaki alama safi ya pembe nne, ambako chokaa haikushika moshi.

Walitandika blanketi sakafuni, wakailaza picha uso chini ili waifunge. "Mgeuzeni," Mama Kidoti alisema.

"Mama, hivi ndivyo tunavyofunga."

"Nimesema mgeuzeni. Mnamlaza kifudifudi."

Wachukuzi walimtazama karani. Karani alitazama saa yake, akaashiria kwa kidevu. Wakaigeuza. Mama Kidoti alipiga magoti, akaikunjia blanketi mwenyewe, kwanza miguuni, kisha pembeni. Alipofika usoni alisita kidogo, akaufunika, akasimama na kwenda jikoni. Alikaa huko mpaka hatua zao zikapotea barabarani.


Operesheni ilikwenda vizuri. Mchoraji alileta habari hiyo mwenyewe, mbio, bila kofia, akamshika mdogo wake mabega na kulia kama mtoto. Uvimbe umetoka wote, alisema, na mgonjwa kaamka akiuliza kama una ndevu.

Fundi naye alikuwa amemaliza. Mashavu na nywele alivichonga kwa kukumbuka, mkewe akiwa pembeni. Sasa alikoroga wino, akausambaza ubaoni kwa rola, akalaza karatasi nyembamba na kuisugua kwa mgongo wa kijiko, kutoka katikati kwenda nje, kama afanyavyo kila mara kuonja kazi kabla haijakwenda mashineni. Mchoraji alisimama nyuma yake. Mama Kidoti alisimama upande wa pili wa meza, amejifunga kitambaa kipya kichwani.

Fundi alishika karatasi kwa ncha za vidole, akaibandua.

Alikuwa mtoto anayecheka, mdomo wazi, jino limekatika, sikio limetokeza. Nywele zilikuwa zimegawanywa upande wa pili. Kidoti kilikuwa kwenye shavu la kulia.

Kisha Mchoraji akasema polepole, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua mwenzake, "Bwana mdogo. Hukugeuza."

Fundi alitazama chini ya meza. Kioo kilikuwa bado pale alipokilaza. Alikumbuka kitambaa kibichi, kiti alichokivuta, kidole cha mkewe usoni mwake. Alikuwa amechora moja kwa moja, kulia kulia, kushoto kushoto, kama anavyochora mtoto wa shule. Kosa ambalo hakulifanya hata alipokuwa anajifunza.

"Leteni hapa," Mama Kidoti alisema. Akaichukua karatasi, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Aliisogeza karibu na macho, akaiweka mbali. "Anafanana naye," alisema. "Anafanana naye sana." Halafu akageuka. "Lakini si yeye. Si yeye, Baba Kidoti. Ni ndugu yake ambaye sikumzaa."

"Nitachonga kingine."

"Kwa picha ipi?"

Fundi alivaa viatu. Kaka yake alimwita, naye akajifanya hakusikia.


Mlinzi wa hoteli alimtazama mikono yenye wino, akamwelekeza mlango wa nyuma, unakopita mkaa na mboga. Fundi alizunguka, akapita jikoni akisema yeye ni fundi, jambo ambalo lilikuwa kweli, akatokea ukumbini.

Walikuwa wameitundika juu ya meza ya mapokezi, kwenye fremu mpya ya dhahabu. Chini yake wageni walikuwa wakiandikisha majina na kudai funguo. Mwanamke mmoja aliyevaa glavu alimnyooshea Kidoti kidole, akamwambia mumewe jambo, wakacheka kwa upole. Fundi alisimama nyuma ya nguzo, akatoa karatasi na penseli, akaanza. Alishika paji la uso. Alishika mwanzo wa nywele. Alikuwa anaingia shavuni alipohisi mtu kasimama karibu yake.

"Hapa hapachorwi," karani alisema. Hakupaza sauti. "Lete."

"Ni mtoto wangu."

"Najua ni mtoto wako. Bosi akikukuta atadai pesa zake kwa kaka yako, zote, leo hii. Kaka yako anazo?"

Pesa zilikuwa zimekwisha kushonwa tumboni mwa mke wa kaka yake.

"Basi usiniweke mahali pabaya," karani alisema. Alikuwa kijana tu, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Chana mwenyewe. Sitaki kuichana mimi."

Fundi aliichana. Vipande alivitia mfukoni, maana hakuona mahali pa kuvitupa penye zulia lile. Mgeni mmoja alimpa sanduku lake akidhani ni mchukuzi. Alilibeba mpaka chini ya ngazi, akaliweka, akatoka kwa mlango wa mbele bila mtu kumzuia.


Mchoraji alikuwa ameondoka. Mama Kidoti alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kibao kimelala magotini mwake, na vidole vyake vimekuwa vyeusi mpaka kwenye kucha.

"Usikiguse, kina wino," Fundi alisema. "Nitakiranda. Nitaanza upya, nitakumbuka tu."

"Hukigusi wewe." Alikifunika kwa mikono miwili. "Njoo hapa. Kaa."

Fundi akakaa.

"Nilitaka kukitupa jalalani," Mama Kidoti alisema. "Nimekichukua nikitupe, nikakitazama. Tazama. Kidoti kiko wapi?"

Ubaoni, katikati ya mistari iliyoshika wino, kidoti kilikuwa shavu la kushoto.

"Kibao huwa hivyo nikikosea," Fundi alisema. "Kibao si picha, mama. Ni chombo cha kupigia picha. Kikisha kuchapa, kazi yake imekwisha."

"Nani kasema lazima achapwe?"

"Hakiwezi kutoa hata nakala moja iliyo sawa."

"Mimi nilizaa mmoja," Mama Kidoti alisema.

Alichukua mkono wa mumewe, akauvuta mpaka ubaoni, akaupitisha pale juu. Fundi alikuwa ameshika maelfu ya vibao, na vyote alivigusa kupima kina cha patasi. Sasa aligusa paji la uso, akateremka kwenye pua, akafika kwenye jino lililokatika. Akalia, na mkewe akamwacha alie, bila kumwambia nyamaza.

Ile karatasi hawakuichoma. Mke wa Mchoraji alipotoka hospitali alikuja kuwasalimu, akitembea kwa kujishika, na alipoingia tu aliuona ukuta wenye alama nyeupe ya pembe nne. Alisimama pale muda. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Kumbe ndiyo kazi ya zamani," alisema. Akaketi chini sakafuni, palepale. "Mngeniacha nife, mdogo wangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekufa, ningemzungumza Kidoti na nani?" Mama Kidoti alisema. "Inuka huko chini, una mshono."

Akampa ile karatasi aende nayo. Mke wa Mchoraji hakuwahi kumwona mtoto kwa jicho la mama, na upande wa kidoti haukumsumbua sana. Aliitundika kwake, na aliipenda siku zake zote zilizobaki.

Kibao kilikaa kwenye rafu kando ya kitanda, wino umekaukia juu yake. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto Mama Kidoti alikipitishia kiganja, kutoka nyweleni mpaka kidevuni, kama anayempangusa mtoto usingizi. Alifanya hivyo alipokuwa na afya na alipokuwa anaumwa, mwaka baada ya mwaka, na gazeti likanunua mashine mpya, na Fundi akahamishiwa kwenye kukata karatasi.

Yeye ndiye aliyegundua. Mkewe alikuwa kisimani. Alikishusha kibao afute vumbi, akakipeleka dirishani, na jicho lake la kazi likaona kile ambacho jicho la mkewe halikuweza kuona: mistari ya shavu ilikuwa inakwisha. Ilikuwa myembamba tangu mwanzo, kwa sababu shavu la mtoto halichongwi kwa mstari mnene, na kiganja kilikuwa kimeisugua hadi ikalala. Pale kidotini palikuwa laini kabisa.

Fundi alitafuta patasi yake nyembamba ndani ya sanduku, akainoa, akakibana kibao magotini. Ilikuwa kazi ndogo. Angeifufua mistari ile kabla mkewe hajajaza ndoo, na hangejua kamwe. Aliweka ncha ya patasi pale shavu linapoanzia.

Akajiuliza mstari ule ulipinda kwenda wapi, juu kuelekea jichoni au chini kuelekea mdomoni. Alifumba macho amtafute mtoto. Alisikia sauti yake, aliona gauni, aliona miguu yake ikikimbia kwenye kokoto. Shavu halikuja. Alifumbua, akafumba tena. Halikuja.

Huko nje mkewe alikuwa amekwisha kutua ndoo na alikuwa anamwita aje amsaidie kuingiza maji. Fundi aliirudisha patasi sandukuni, akakirudisha kibao kwenye rafu, akakigeuza kidogo kielekee kitandani kama mkewe alivyopenda, akaenda kuingiza maji.